Kabla ya kununua ordinatere mpya, fundi aangalie kwanza karte ya rezo

Katika maofisi ya Goma, Bukavu ao Bunia, seva ikianza kuchelewa, jibu linalotoka haraka ni moja: prosesa imezeeka, inunuliwe mashine mpya. Dola zinatoka, mashine inafika, na pengine uzito unabaki palepale. Kosa ni kulaumu prosesa peke yake na kusahau karte ya rezo, ile sehemu ndogo ambamo waya wa mtandao unaingizwa.

Kazi ya mtandao si ndogo. Habari haisafiri nzima. Hukatwa vipande, na kwa kawaida kipande hakipiti baiti 1500. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde ukijaa vipande vya ukubwa huo, zaidi ya 80.000 hupita kila sekunde. Kama prosesa ndiyo inakata kila kipande, inakihesabia alama ya kuhakikisha hakikuharibika njiani, na inakatizwa kazi kila mara kimoja kinapofika, itabaki na nguvu gani ya kufungua faili za wagonjwa ao pointi za wanafunzi?

Ndiyo sababu watengenezaji waliipa karte sehemu ya mzigo. Prosesa inatoa furushi moja la kilobaiti 64, na karte inalikata yenyewe katika vipande karibu 45. Karte inahesabu zile alama. Inaweka habari moja kwa moja ndani ya memoria. Inangoja vipande kadhaa vifike ndipo iite prosesa, na inagawa kazi kati ya viini vyake ili kimoja kisilemewe. Ni kama mwenye depo ambaye hasukumi chukudu mwenyewe: anaonyesha gunia na mahali pa kulifikisha, kisha anabaki na wateja wake.

Karte nyingi za leo zina uwezo huo tayari. Lakini programu isiyofaa ya kuiendesha, ao fundi aliyezima kila kitu siku ya matatizo, vinaweza kuuacha umelala. Kwenye Linux, amri ya ethtool -k inaonyesha kilichowashwa na kilichozimwa. Kwenye Windows, mambo hayo yako katika mipangilio ya karte yenyewe. Kuangalia ni kazi ya dakika chache, na hakuombi hata franka moja.

Hata hivyo, karte si dawa ya kila ugonjwa. Ofisi yenye laini ya nje ya megabiti 10 haitapata intaneti ya haraka kwa kubadilisha karte. Hapo prosesa haijachoka, laini ndiyo nyembamba. Anayeuza karte ya bei kali kwa cyber ya mashine 10 anauza ndoto. Faida inaonekana pale habari nyingi zinapozunguka ndani ya nyumba: picha za radio za hospitali, video za chuo, nakala za usiku. Tena, mashine inayopitisha habari za wengine inapaswa kuzimiwa kazi ya kuunganisha vipande vinavyoingia, kwani inaweza kuharibu njia.

Makampuni makubwa yameelewa hesabu hii zamani. Tangu 2015, Microsoft inaweka karte zenye akili yake ndani ya seva za Azure, maana kila kiini cha prosesa kinachopumzishwa kinaweza kukodishwa kwa mteja. Huku Kivu sababu ni nyingine lakini nayo ni pesa: prosesa inayobeba mzigo usio wake inakula umeme, na umeme ukikatika, jenereta inakunywa mazutu.

Vyuo vinavyofundisha informatike viwafundishe wanafunzi kupima, si kutaja majina ya prosesa tu. Na mkubwa wa ofisi, kabla ya kutia sahihi, aulize mambo matatu: prosesa inafikia asilimia ngapi faili kubwa ikipita? Karte imewashiwa kazi gani? Laini ya nje ina upana gani? Fundi asiyeweza kujibu bado hajafika wakati wa kuomba dola za mashine mpya.