Nyumba ya Kuoteshea Mimea Igawa: Ramani ya Nani?

Tangu Lesotho iliporuhusu kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2017, na baadaye mmea huo kuoteshwa kwa leseni huko Hima, wilayani Kasese, Uganda, wako wanaouliza kwa nini nasi tusijenge nyumba za kazi hiyo katika Nyanda za Juu Kusini. Jibu la kisheria ni fupi: sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza. Mimi nazungumzia ramani yenyewe, yaani jengo lililofungwa pande zote na kumulikwa kwa taa. Ramani hiyo yaweza kesho kuletwa kwa jina la nyanya au pilipili hoho, na mkulima wa Igawa akashawishiwa kuikopea fedha.

Jengo hilo lilizaliwa katika nchi za baridi, ambako jua la Desemba huzama yapata saa kumi alasiri, na ambako wakulima wa bangi walijificha wasionwe na polisi. Taa moja ya wati 1,000 ikiwaka saa 12 hula yuniti 12 za umeme, na karibu nishati yote hiyo hatimaye huwa joto, ambalo lazima litolewe kwa kiyoyozi. Mmea nao hutoa kwa njia ya majani sehemu kubwa kabisa ya maji ulionyweshwa. Katika chumba kilichofungwa mvuke huo hauna pa kwenda. Ukiachwa huleta ukungu na kuoza. Basi huongezwa mashine ya kukausha hewa, nayo pia hutoa joto! Mwaka 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani kilitumia kiasi cha asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani.

Igawa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Adhuhuri isiyo na mawingu, kila mita mraba hupokea kiasi cha wati 1,000 za jua, bila ankara. Mchana hauachani na saa 12 kwa zaidi ya dakika 40 hivi mwaka mzima. Bangi huchanua usiku unapokuwa mrefu, ndiyo maana mkulima wa Ulaya hufunika kitalu kwa pazia jeusi wakati wa kiangazi. Hapa pazia hilo halina kazi.

Shida ya Igawa ni nyingine. Mji huu uko ukingoni mwa bonde la Usangu, wala hauna ubaridi wa Uyole au Njombe. Kitalu cha plastiki kisicho na matundu kitaunguza miche. Panahitajika kuta za chandarua cha kuzuia wadudu, na paa refu lenye uwazi kileleni ili hewa ya moto ipande na kutoka. Kuhusu maji, Mto Mbarali humwagikia Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kila lita inayochotwa juu hupungua chini. Paa la mita mraba 240 hukinga lita 12,000 katika mvua ya milimita 50; ramani isiyo na mfereji wa paa na tangi haifai kujengwa hapa.

Sipingi chumba kilichofungwa kila mahali. Miche safi ya viazi mviringo inayokuzwa katika chupa za maabara hukihitaji, na chumba kimoja kidogo huweza kuhudumia mashamba mengi. Lakini anayetaka mkopo wa kitalu cha taa Igawa aonyeshe kwanza, kwa tarakimu, joto la ndani adhuhuri ya Oktoba umeme ukikatika.