Mugodi wa mchezo na mugodi wa kweli

Iko mchezo moja wa ordinatere, jina lake Victoria 3. Ulitoka mwezi wa kumi 2022, na wenye kuutengeneza ni kampuni ya Paradox, kule Stockholm mu Uswidi. Si mchezo wa mpira, wala wa kufyatua bunduki. Mchezaji anachukua inchi nzima na kuiongoza kuanzia mwaka 1836 mpaka 1936: anaweka kodi, anapitisha sheria, anajenga njia ya treni, anafungua migodi. Ni mchezo mugumu. Mutu anaweza kuucheza siku nyingi na bado anajifunza.

Wandugu wachimbaji, musiseme haitugusi. Hesabuni miaka. Dhahabu ya Ituri ilionekana mu 1903, ku mto Agola. Mu 1905 kazi ilianza ku Kilo. Mu 1908 Kongo ilitoka mu mikono ya Leopold II, ikawa koloni ya Ubelgiji. Mu 1926 ilizaliwa Société des mines d'or de Kilo-Moto. Yote hiyo iko ndani ya ile miaka mia moja ya mchezo. Babu zetu wako mule.

Lakini wako mule namna gani? Ku skrini, mugodi wa dhahabu ni picha ndogo na namba pembeni. Dhahabu ikitoka, inaingia moja kwa moja mu sanduku la serikali. Mchezaji anaweza kuchagua naitrogliserini ya kupasulia mawe: mavuno yanapanda, na vifo vya wafanyakazi vinapanda pamoja. Iko hata sheria ya kunyonya koloni, imeandikwa kwa jina lake, bila kuficha. Siwalaumu wenye kuutengeneza juu ya hiyo, maana mambo yalikuwa vile. Shida ni kiti chenye mchezaji amekalishwa. Anakaa siku zote pa nafasi ya mwenye kuamua, hata siku moja pa nafasi ya mwenye kushuka mu shimo.

Sasa sikieni namna maoni yanatembea. Mchezo ulipotoka, wachezaji wengi walikasirika juu ya vita. Walisema hawawezi kusogeza majeshi yao wenyewe, wanatuma tu jenerali ku mstari wa vita na kungojea. Waliandika, wakarudia kuandika. Kampuni ilisikia, na mwisho wa 2023 ikabadilisha namna ya kupanga majeshi. Wengine walilalamika kwamba sehemu kubwa ya ndani ya Afrika, mu 1836, iko ku karte na majina yake, lakini mchezaji hana ruhusa ya kuichagua na kuiongoza. Nao walikuwa na haki.

Ndiyo kusema mulalamiko unafanya kazi. Mutu akisema na kurudia, akionyesha kosa liko wapi, kazi inatengenezwa.

Basi nauliza: kama kampuni ya Stockholm inasikia mutu mwenye kulalamika juu ya jeshi la mchezo, PDG wa shimo anashindwa namna gani kusikia kijana mwenye kusema udongo unaanza kupasuka? Mu mchezo, namba ya vifo ikipanda, mchezaji anazima ordinatere na kwenda kulala. Ku Mongbwalu, namba ile iko na mama, iko na bibi, iko na watoto wenye kungojea makuta ya minervali. Na mara nyingi mwenye kuona hatari wa kwanza ni yule wa chini, mwenye hana neno mu mkutano wa wakubwa.

Mutu atasema: njaa inatusukuma, PDG naye ana madeni, hakuna wakati wa kusikia kila mutu. Najua. Lakini shimo likifunga, deni la PDG halipungui, na watu wamepotea. Kusikia kunauzwa bei ndogo kuliko jeneza.

Naomba mambo mawili. Ya kwanza: ku kila karyeri, kabla watu hawajashuka asubuhi, wenye kuchimba wapewe nafasi ya kusema walichoona jana, na mwenye kusema asifukuzwe juu ya neno lake. Kama watatu wanasema ukuta ni mubaya, watu wasishuke mpaka utengenezwe.

Ya pili inahusu familia. Wazee wenye walifanya kazi ku Kilo-Moto wanatutoka moja moja. Watoto wenye kujua kuandika wachukue kaye, wakae nao, waulize: ulifanya kazi gani, ulilipwa ngapi, poso ilikuwa nini, nani aliumia, chifu aliambiwa atoe watu wangapi, vijiji vilipeleka chakula gani ku mugodi kwa lazima? Maandiko hayo yabaki mu familia, na kopi ifike ku masomo na ku paroki. Siku mutu wa Stockholm au wa Bruxelles akitaka kuonyesha mugodi wa Ituri, akute sauti ya mwenye alishuka, si hesabu ya kilo tu.

Wachezaji walipata jeshi lao juu ya kusema. Sisi tunaomba kitu kidogo zaidi: mutu ashuke asubuhi, apande magaribi, akiwa muzima.