i7 ya Lini?

Samahanini wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Nilikuwa nahangaika na kompyuta ya mdogo wangu, na leo nimekuja na hasira. Mnivumilie.

Dogo alimaliza kidato cha sita mwaka jana. Tangu hapo anatengeneza simu kibarazani kwa jirani, anabadilisha vioo na betri, akadunduliza mpaka ikafika shilingi laki tisa. Alitaka kitu kimoja tu: kujiundia kompyuta ya kuchezea magemu, hasa mpira. Akaniuliza, "Kaka, wewe mwandishi, unajua mambo. Ninunue nini?" Mimi na ujuaji wangu nikamjibu, "Hakikisha ni i7." Basi. Nikarudi kwenye simu yangu.

Akaenda mjini. Duka silitaji. Muuzaji akampokea kwa bashasha: "Bosi wangu, sahau kununua kifaa kimoja kimoja, chukua hii tayari. i7, RAM 16, grafiki ya 4GB. Mnyama huyu!" Keisi ya kioo, feni nne, taa za rangi zote kama ukumbi wa harusi. Laki nane na nusu, kibodi ya bure juu.

Amefika nyumbani, akaweka EA Sports FC 24. Picha zinakuja moja moja kama slaidi za semina. Mchezaji anapiga shuti sasa hivi, mpira unafika golini chai imeshapoa.

Nikafungua keisi. Prosesa ni i7-2600. Kweli, i7 ni i7, hajadanganya. Ila iliingia sokoni Januari 2011, wakati dogo yuko chekechea! Kadi ya grafiki ni GT 730, toleo la 2014, yenye kumbukumbu ya DDR3.

Hivi jamani, mtu akikwambia "nakuuzia Corolla", utatoa hela bila kuuliza ya mwaka gani? Mbona kwenye kompyuta tunakubali? Jina i7 limeanza kutumika mwaka 2008 na prosesa za jina hilo zimetoka kizazi baada ya kizazi. Mwenye duka analijua hilo, ndiyo maana bango lake linaandika "i7" kwa herufi kubwa halafu linanyamaza.

Kizazi chenyewe kimeandikwa kwenye namba. i7-2600 ni kizazi cha 2. i3-12100F ni kizazi cha 12, ya Januari 2022. Zote mbili zina koa 4 na nyuzi 8, lakini hiyo i3 "ya maskini" inaiacha i7 ya dogo mbali kabisa. (Hiyo F mwishoni inamaanisha haina grafiki ya ndani. Bila kadi hupati picha. Waulize kama watakwambia.)

Tena i7 hiyo haina pa kwenda. Madabodi yake inapokea kizazi cha 2 na cha 3 tu, na RAM yake ni DDR3, huwezi kuja kuihamishia kwenye madabodi ya DDR4. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti rasmi inataka Intel ya kuanzia kizazi cha 8. Kijana kauziwa njia iliyofungwa, kwa akiba yake ya mwaka mzima.

Na ile "4GB"? Ukubwa wa kumbukumbu si kasi yake. GT 730 ya aina ile inapitisha data kama GB 14 kwa sekunde. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, nayo ya 4GB, inapitisha 112. Na hiyo 1050 Ti ndiyo kadi ya chini kabisa iliyotajwa kwenye masharti ya FC 24!

Kilichoniudhi zaidi ni pawa saplai. Kwa nje imeandikwa 500W. Pembeni kuna lebo ndogo: laini ya 12V, ampea 16. Zidisha mwenyewe, ni wati 192. Prosesa na kadi vinakula hasa kwenye laini hiyo. Juzi umeme ulikatika, uliporudi ikalia "pa!" na chumba kikajaa harufu ya kuungua. Bahati madabodi imepona. Turudishe dukani? Risiti inasema mali ikishauzwa haipokelewi.

Najua watakaonijibu: "Mteja mwenyewe anataka bei ndogo." Sawa. Sijasema mtumba ni mbaya, shati nililovaa saa hii ni la mtumba. Kompyuta iliyotoka ofisini, yenye i5 ya kizazi cha 8, ukiichomeka 1050 Ti inacheza mpira vizuri. Kadi hiyo inakula wati 75 tu, na nyingi hazihitaji waya wa ziada. Pima keisi kwanza, maana zile nyembamba zinataka kadi fupi. RX 580 ya 2017 ina nguvu zaidi, ila inakula wati 185 na nyingi zilichosha maisha yao kuchimba Ethereum mpaka Septemba 2022. Mwambie muuzaji aiwashe na gemu nusu saa mbele yako. Akikataa, ondoka.

Kwa hiyo, mwenye hela kidogo, anza na kadi ya grafiki, kisha pawa saplai ya kueleweka, kisha prosesa kwa namba yake yote, kisha RAM vipande viwili vya 8GB badala ya kimoja cha 16, na SSD. Taa utanunua ukipata kazi.

Wauzaji, andikeni namba nzima kwenye bango. Haiwagharimu kitu. Mashine ya 2011 iuzeni kwa bei ya 2011 iliyozeeka, hakuna atakayewalaumu.

Na sisi waandishi tusijitoe. Mara ngapi tumenakili tangazo la duka tukaliita habari? Mimi mwenyewe nilisema "i7" kwa sababu nilikuwa nimeisikia, na dogo aliniamini kwa sababu ya kazi yangu. Nimemrudishia nusu ya hela yake, nusu nyingine ataipata mwisho wa mwezi. Amerudi kibarazani na vioo vyake vya simu. Jana nilimwambia nimeona laptop nzuri ya i7 inauzwa. Hakuinua hata kichwa.

"Ya lini, kaka?"

Nawasilisha.