Siri ya mgonjwa isiachwe bila kufuli

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Zamani siri ya mgonjwa aliijua daktari wake, na faili ilifungiwa kabatini. Siku hizi, msomaji, ukipimwa damu katika hospitali nyingi za mjini, majibu huingizwa kwenye kompyuta na kuhifadhiwa katika kile kinachoitwa wingu. Usitazame juu! Wingu hili ni kompyuta za kampuni nyingine, pengine zilizoko ng'ambo, zinazofikiwa kwa intaneti.

Je, ni nani mwingine anayeweza kuyasoma majibu hayo?

Kinga iliyopo ni usimbaji. Maandishi huvurugwa kwa hesabu ngumu hata neno "kisukari" likawa rundo la herufi zisizo na maana. Anayetaka kuyasoma sharti awe na ufunguo, ambao ni tarakimu nyingi za siri. Mwizi akiiba faili bila ufunguo, ameambulia makapi.

Tazama yaliyotokea Ufini. Mnamo Oktoba 2020 ilifichuka kwamba rekodi za Vastaamo, kituo cha kuwatibu wenye matatizo ya akili kwa mazungumzo, zilikuwa zimeibwa. Hazikuwa zimesimbwa. Wagonjwa waliandikiwa na kudaiwa euro 200 kila mmoja, la sivyo yale waliyomweleza mshauri wao faraghani yangeanikwa. Walioibiwa siri zao walizidi 30,000. Mwaka uliofuata kituo kilifilisika.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na inautaja usimbaji miongoni mwa kinga. Hata hivyo, sheria haifungi mlango. Watu ndio wanaoufunga. Karani akibandika neno la siri ukutani, au ufunguo ukiwekwa pamoja na rekodi zenyewe, ni sawa na kufunga nyumba na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Wapo wasemao, "Mimi sina la kuficha." Je, na jirani yako anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi, na mwajiri wake hajui?

Kwa hivyo utakapoandikishwa hospitalini, usione haya kuuliza mambo mawili: rekodi zangu zimesimbwa? Na ufunguo anao nani? Hospitali isiyoweza kujibu haijastahili kuaminiwa na siri yako.