Lubumbashi: mfanyakazi mwenye mapatroni wawili asikose wa kumjibu

Zoea la kutumia wafanyakazi wa ajansi linajulikana sana katika migodi ya Haut-Katanga na Lualaba. Lakini hata mwenye biashara ndogo mjini Lubumbashi anaweza kuletewa pendekezo hilo: mwenye garaji, mwenye hoteli ya vyumba kumi, mwenye kiwanda kidogo cha mikate pale Katuba.

Mpango wenyewe ni huu. Ajansi inatia sahihi kontra na wafanyakazi, inapiga hesabu ya mishahara, inapeleka kodi na michango ya CNSS, INPP na ONEM. Mwenye biashara anabaki kuwaongoza kazini kila siku, naye anairudishia ajansi feza zote hizo pamoja na malipo ya huduma yake. Ni kusema mfanyakazi mmoja anapata mapatroni wawili.

Si jambo baya. Anayejua kuchoma mikate hajui lazima kujaza karatasi za serikali. Mchango wa CNSS ni 18 % ya mshahara: patroni anatoa 13 %, mfanyakazi anakatwa 5 %. Kwa mshahara wa franka 600 000, patroni anaongeza 78 000, mfanyakazi anakatwa 30 000. Patroni ambaye hajawahi kuandikisha watu wake anaweza kuingia katika sheria kwa njia hiyo.

Hatari inaanza pale patroni anapofikiri kwamba kutia sahihi na ajansi ni kunawa mikono. Mashine ya kukandia unga ikimkata mfanyakazi kidole, patroni atamwambia aende kwa ajansi, na ajansi itamwambia aliumia kwa patroni. Michango isipofika CNSS, mzee atalijua jambo hilo siku ya kuomba pansheni, wakati hana tena nguvu ya kufuatilia. Mapatroni wawili wakirushiana mpira, anayeumia ni mmoja.

Roho ya sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haikubali mchezo huo. Mtu wa kazi ya siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Na tasheroni akishindwa kulipa watu wake, aliyempa kazi ndiye anayepaswa kuwalipa. Mwenye biashara anayekwenda kwa ajansi anafaa kufuata roho hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, aombe kuona kibali cha ajansi. Kontra iseme wazi nani anajibu kuhusu ajali, likizo na kufukuzwa kazi. Awaite wafanyakazi wote na kuwaeleza mambo mapema, si siku ya malipo.

Zaidi ya yote, miaka yao isipotee. Patroni akivunja kontra isiyo na mwisho, preavi ni siku 14 za kazi, na siku 7 zinaongezwa kwa kila mwaka mzima. Mtu wa miaka minane ana haki ya siku 70. Akiombwa kuandika barua ya kuacha kazi ili aanze upya kwa ajansi, anarudi kwenye siku 14. Huo ni unyang'anyi, hata kama karatasi zote zina muhuri.

Kisha, kila mwezi, mwenye biashara adai risiti ya CNSS na kuibandika mahali wafanyakazi wanapoiona. Ajansi ikikataa kuitoa, ajue kwamba amebadilisha jina tu kwenye kontra. Mzigo bado uko mlangoni pake.