Kwa nini daftari na hela mkononi havijafa Kariakoo

Maduka mengi Kariakoo, wilayani Ilala, yamebandika Lipa Namba ukutani. Lakini chini ya kaunta bado kuna daftari la madeni na droo ya noti. Wapo wanaouona huo ni ushamba. Ukiangalia yaliyotokea miaka ya karibuni, wenye daftari wana sababu zao.

Tanzania iliingia dijitali mapema. M-Pesa ilianza mwaka 2008, mashine za EFD mwaka 2010, na Dar es Salaam ikazima matangazo ya TV ya analojia Desemba 31, 2012. Faida zinajulikana: mteja wa Mbeya analipia mzigo bila kupanda basi na bahasha ya hela.

Shida ni kwamba simu ni yako, ila swichi iko kwa mwingine.

Tozo ya miamala ilipoanza Julai 15, 2021, wengi walirudi kwenye hela taslimu. Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurejea.

Anayeumia zaidi ni mwenye mtaji mdogo. Tajiri anaweza kusubiri siku mbili. Machinga ananunua mzigo wa leo kwa mauzo ya jana. Hela ikikwama kwenye simu, kesho hana cha kuuza, na nyumbani hakupikwi.

Halafu kuna matapeli. Nani hajapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kwa sababu ya meseji feki za malipo, muuzaji mzoefu hatoi mzigo kwa kuoneshwa simu. Anaangalia salio lake kwanza. Novemba 2024, Benki Kuu (BoT) ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Wakopaji walikuwa wakilalamika kudhalilishwa kwa ndugu na marafiki waliomo kwenye simu zao. Daftari la kikoba halina namba ya shemeji yako.

Hata hivyo, karatasi nayo si salama. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na moto hauchagui noti wala daftari.

Kwa hiyo usiweke vyote sehemu moja. Hela ya mzigo wa kesho ibaki taslimu. Madeni yaandikwe daftarini, kisha ukurasa upigwe picha. Na wanaohimiza malipo ya simu wakumbuke kumwachia mwananchi njia ya pili, kwa sababu siku mtandao ukisumbua, watoto bado watataka kula.