Wasomi wa Karagwe na Kyerwa wasiiachie butura kazi ya kumpeleka mtoto chuoni

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

MATOKEO ya kidato cha sita hutangazwa Julai, majina ya waliodahiliwa vyuo vikuu hutoka kuanzia Agosti, na milango ya vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa mkulima wa kahawa wa Nkwenda, Mabira, Nyaishozi au Ihembe, kalenda hiyo imekaa vibaya. Robusta ya wilaya za Karagwe na Kyerwa huvunwa kuanzia Mei, na kufikia Oktoba fedha zake, kama zilikuwapo, zimekwisha kulipa madeni ya mwaka mzima. Kilichobaki mtini wakati huo ni maua.

Hapo ndipo butura inapoingia. Msomaji asiyeujua mkoa wa Kagera aelewe kwamba butura ni biashara ya kuuza kahawa ingali ua au ingali changa mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa sababu muuzaji ana shida ya haraka. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na kwa mara nyingi hizohizo imeendelea, kwa kuwa amri haimpi mzazi nauli. Mtoto aliyepata nafasi katika chuo cha Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro anahitaji fedha ndani ya wiki chache, na mwenye fedha kijijini mara nyingi ni yule anayenunua maua.

Swali ambalo wasomi wa wilaya hizi mbili hawajalijibu vya kutosha ni hili: kwa nini mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, ambaye leo ni mwalimu, mhasibu, daktari au mwanasheria, asiwe ndiye anayemkopesha au kumpa mwanachuo mpya fedha hizo za kuanzia?

Jibu linalosikika zaidi ni kwamba kazi hiyo ni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na hakuna anayeweza kukana kwamba bila yake maelfu ya watoto wa wakulima wasingeuona mlango wa chuo. Bajeti yake ilifikia Sh570 bilioni mwaka 2021/22 na imeendelea kupanda. Lakini utaratibu wake una tundu ambalo mtoto wa Kyerwa hulijua kuliko mtoto wa Kinondoni. Mkopo wa mwaka wa kwanza humfikia mwanafunzi akiwa amekwisha kuripoti, kusajiliwa na kutia saini. Kabla ya hapo yuko peke yake: nauli ya safari ya zaidi ya kilomita 1,300, godoro, chakula cha siku za mwanzo, na ada ndogondogo za usajili, ikiwamo bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh50,400. Hizo si fedha nyingi kwa mwenye mshahara. Kwa mzazi ambaye migomba yake ililiwa na mnyauko, ugonjwa uliouandama mkoa wa Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, ni fedha za kuuza maua.

Kuna tundu jingine, nalo hutangulia hilo. Maombi ya mkopo hufanywa kwa njia ya mtandao, kwa ada ya Sh30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuonyesha cheti cha kifo kilichohakikiwa. Fomu inahitaji saini za viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na muhuri wa wakili au hakimu. Sasa mfikirie kijana ambaye baba yake alizikwa shambani miaka kumi iliyopita na hakuna aliyefikiria kwenda kuchukua cheti. Kijana huyo ndiye mhitaji hasa, lakini kwenye mfumo anaonekana kama mwenye wazazi wote wawili. Kosa dogo la fomu humgharimu mkopo wote, au humwachia asilimia isiyotosha.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, msaada wenye thamani kubwa kuliko fedha ungekuwa hapo: wahitimu wachache wenye kompyuta na intaneti, wakiketi Kayanga na Nkwenda kwa wiki mbili baada ya dirisha la maombi kufunguliwa, wakipitia fomu moja baada ya nyingine. Mawakili wazaliwa wa wilaya hizi wanaweza kugonga mihuri bila malipo. Kazi hiyo haihitaji harambee wala mgeni rasmi.

Wahitimu nao wana hoja, na ni haki isikilizwe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mkopo ya mwajiriwa hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na aliyejiajiri anatakiwa kulipa si chini ya Sh100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Ongeza kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima ya afya, kisha wadogo zake watatu wanaomtegemea. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na huo ulikuwa unafuu wa kweli, lakini deni lenyewe lilibaki. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "rudisha kwa jamii" ana haki ya kujibu kwamba anarudisha kila mwisho wa mwezi.

Ni kweli anarudisha, lakini anayerudishiwa ni Bodi, ambayo hugawa nchi nzima kwa vigezo vyake. Haiwezi kujua kwamba mtoto fulani wa Kaisho amepata nafasi ya uuguzi na hana nauli. Anayejua ni jirani.

Tena kiasi kinachohitajika hakitishi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: wahitimu 300 wakitoa Sh5,000 kila mwezi, kwa mwaka zinapatikana Sh18 milioni. Mwanachuo mpya akikopeshwa Sh300,000 za kuanzia, ni wanafunzi 60. Na kwa kuwa bumu huja baadaye, sehemu ya fedha hizo inaweza kurejeshwa na kumsubiri wa mwaka unaofuata. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilianzisha mfuko wa wahitimu mwaka 1890 kwa wazo jepesi la kumwomba kila mhitimu atoe chochote kila mwaka, badala ya kumsubiri tajiri mmoja. Hata hapa kwetu wazo si geni. Makarani na wafanyabiashara wachache waliounda Bukoba Bahaya Union mwaka 1924 walikuwa ni wasomi wa zama zao waliojiona wanadaiwa na nyumbani.

Kinachokwamisha ni mambo mengine, na tuyaseme waziwazi. La kwanza ni siasa. Mzaliwa anayelipia watoto ada mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kisha akatoweka kura za maoni zikimwangusha, amewafundisha wananchi kuutilia shaka kila msaada. Mfuko wa wahitimu unaobeba jina la mtu mmoja una hatari ya kuishi kwa umri wa nia yake ya ubunge.

La pili ni mipaka. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na tangu hapo kila jambo la pamoja huanza na ubishi wa makao makuu yawe wapi. Waliosoma pamoja Bugene miaka ya 1990 hawakuwa na wilaya mbili, na mkulima wa pande zote mbili hadi leo huuza kupitia chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU. Akaunti moja inawezekana.

Chama hicho nacho kina nafasi yake. Katika soko la biashara ya haki, wakulima hupata malipo ya ziada ambayo wao wenyewe, katika mkutano mkuu, ndio huamua yatumike wapi, na elimu inaruhusiwa. Wahitimu wangeweza kuviomba vyama vya msingi viongeze shilingi moja kwa kila shilingi yao, na viwe ndivyo vinavyothibitisha nani ni mhitaji. Katibu wa chama cha msingi anajua ni kaya gani imeuza maua.

Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayojengwa wilayani Bukoba kupitia mradi wa HEET itawapunguzia baadhi ya watoto nauli. Godoro, chakula na usajili vitabaki palepale, na mfuko wowote utakaoanzishwa utakuwa na maana iwapo fedha zake zitakuwa mkononi mwa mwanafunzi kufikia Septemba, kabla mnunuzi wa butura hajapita shambani.